Mwili Ungoje, au Tanga Lingoje?

Daftari ninalo hadi leo. Ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada lina alama ya duara la kikombe cha chai, na kurasa za mwanzo zina wino wa rangi tatu kwa sababu kalamu za msibani hazikai mkononi mwa mtu mmoja. Lilifunguliwa usiku wa Jumatatu, sebuleni kwa baba mkubwa, Tabata, Dar es Salaam, saa moja na nusu tu baada ya simu ya hospitali. Mjomba mmoja alinisukumia mkononi akasema, "Wewe hesabu unaziweza, andika." Nilikuwa sijalia bado. Nikaandika tarehe, nikapiga mstari katikati, upande huu Mapato, upande ule Matumizi. Kwa siku nane zilizofuata hiyo ndiyo ikawa namna yangu ya kumlilia baba mkubwa.

Tulimzika Jumamosi, kwao Rombo, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Jumanne iliyofuata tukaanua tanga. Jumatano nikaketi na daftari peke yangu kwenye kibaraza, nikajumlisha. Tulikuwa tumetumia shilingi 10,800,000. Rambirambi zilizoingia, za mkononi na za simu, zilikuwa 8,900,000. Pengo la 1,900,000 lilikuwa deni la mjane: duka la vyakula la jirani, na mwenye Coaster.

Tangu siku ile nimesikia na kusoma mengi kuhusu gharama za misiba, na karibu yote yanalaumu jeneza. Majeneza ya vioo, majeneza ya mishikio ya dhahabu ya bandia, sare za kitenge, mashada. Watu wanaona jeneza kwa sababu liko katikati ya uwanja na kamera zote zinalielekea. Lakini katika daftari langu jeneza ni mstari mmoja: shilingi 550,000. Kaburi, yaani saruji, matofali na mafundi, 700,000. Usafiri wa mwili na Coaster mbili, kwenda na kurudi, 3,900,000. Zilizobaki ni mochwari na dawa ya kuhifadhi mwili, 400,000. Turubai, viti, taa na spika, 950,000. Na chakula, maji, kuni na mkaa, 4,300,000. Hizi tatu za mwisho zina kitu kimoja kinachozifananisha: zinalipwa kwa siku. Jumla yake ni 5,650,000. Gawanya kwa siku nane. Kila jua lililochwea tukiwa tumekaa lilitugharimu zaidi ya laki saba. Siku moja ya msiba ilikuwa ghali kuliko jeneza.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo yangu kuhusu suala hili, na ndilo ninalotaka kulisema hapa. Gharama ya msiba wa siku hizi ni gharama ya kungoja. Na tunangoja mara mbili.

Wazee wetu walikuwa na tatizo lile lile tulilonalo, ndugu walio mbali. Mtu alikufa Kilimanjaro na mwanawe yuko mkongeni Tanga, au alikufa Bukoba na kaka yake ni askari Mtwara. Ilitumwa telegramu, au enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam lilisomwa tangazo la kifo, na sauti ya mtangazaji ikamalizia kwa yale maneno ambayo watu wa umri wangu bado wanayasikia masikioni: habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Lakini mwili haukuwa na uwezo wa kungoja. Joto halina subira. Marehemu alizikwa siku ile au kesho yake, na majirani waliokuwepo. Kilichongoja ni tanga. Watu walikaa, wakalala chini, moto ukawashwa uani, na ndugu wakawa wanafika mmoja mmoja, wa siku ya pili, wa siku ya nne, wa wiki ya pili. Kila aliyefika alianza kulia upya getini na waliokuwepo wakainuka kumpokea. Akapelekwa kaburini, akaonyeshwa. Wote waliotarajiwa walipokwisha kufika, tanga likaanuliwa.

Lugha yenyewe imehifadhi utaratibu huo. Matanga hulalwa, na mwisho wake huanuliwa, kama nguo zilizoanikwa. Huwezi kuanua kitu ambacho hukukitandaza makusudi kikae. Matanga yalikuwa chombo cha kungojea, kilichobuniwa na watu ambao hawakuwa na jokofu.

Kisha jokofu likaja. Chumba cha maiti cha hospitali kikaufanya mwili uweze kungoja siku tano, wiki, mwezi. Kwa akili ya kawaida, siku ile ndugu walipoweza kuwahi mazishi yenyewe, kazi ya matanga ingepungua. Haikupungua. Tumeuweka mwili ungoje kwanza, na turubai limefungwa, na watu wanakula; tukishazika, tunaanza kungoja kwa pili, na turubai jingine, na watu wale wale wanakula tena. Katika msiba wa baba mkubwa tulilisha siku tatu Dar es Salaam kabla ya safari, na siku tano Rombo. Binti yake tuliyekuwa tukimngoja kutoka Uingereza alitua Alhamisi alfajiri. Alikuwepo ibada ya kuaga, alikuwepo kaburini, alitupa udongo kwa mkono wake. Kufikia Jumapili hakuna aliyekuwa akingojewa tena. Tuliendelea kukaa.

Niwaeleze siku moja ya kungoja inavyokuwa, kwa sababu tarakimu hazionyeshi. Jumatano, siku ya pili Tabata. Saa kumi na mbili asubuhi akina mama wa mtaani wameshaweka sufuria la uji. Saa mbili, chai na maandazi kwa waliolala, kama watu 40. Kufikia saa sita wamekuwa zaidi ya 100, na mpishi anasema mchele uliopo ni kilo 10, hautoshi, kilo moja haivuki watu wanane. Kijana anatumwa dukani, analeta kilo 10 nyingine kwa jina la mjane. Maharage, kabichi, ndoo ya mafuta imefika nusu. Katoni za maji ya chupa, kwa sababu mwaka fulani mtu aliamua kwamba maji ya ndoo na kikombe ni aibu, na tangu hapo hakuna anayethubutu kuyarudisha. Saa tisa kamati inakaa, na ajenda ya kwanza ni ile ile ya jana: tumepata kiasi gani. Jioni wanakuja waliotoka kazini, nao hawawezi kuondoka na njaa. Mjane yuko ndani, juu ya godoro lililowekwa chini, amejifunika khanga. Kila anayeingia anainama, anamshika mkono. "Pole, dada." "Tumeshapoa." Nilimhesabia kwa saa moja, bila kukusudia, nilipokaa karibu na mlango nikisubiri saini yake: alisema tumeshapoa mara thelathini na moja.

Yule mama hakuwa akipoa. Alikuwa kazini.

Sisemi hivyo kudharau watu waliokuja. Walikuja kwa upendo, na adabu ya msibani kwetu ni nzuri kuliko mambo mengi tunayojivunia. Huulizi marehemu aliugua nini mpaka usimuliwe. Hutoi stori zako. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Mwanamke anaingia ndani kwa wenzake mkekani, mwanamume anatafuta kiti chini ya turubai au anashika jembe, sufuria, chochote. Kukaa kwako kimya ndiyo salamu. Na nyuma ya adabu hiyo kuna mkataba: zika wenzako nawe uzikwe. Vikundi vya kufa na kuzikana viko mitaani kote, vina katiba, vina faini ya asiyehudhuria, na kwa familia nyingi ndiyo bima pekee ambayo haijawahi kuwakimbia. Anayesema misiba ifutwe hajawahi kufiwa akiwa na mia mfukoni.

Tatizo ni kwamba mkataba ule ulihusu mikono na uwepo, na sasa unazidi kuhusu fedha. Tazama neno rambirambi. Zamani lilikuwa maneno, salamu za kumliwaza mfiwa. Leo mtu akikuuliza, "Umetoa rambirambi?" anauliza shilingi ngapi. Pwani fedha hizo huitwa ubani, na jina hilo, nionavyo, linaonyesha kiasi kilichokusudiwa: thamani ya ubani wa kufukizia siku moja. Haukuwa ubani wa siku nane.

Na neno jeneza lina kisa chake. Upande wa mama yangu ni Pangani, Waislamu. Kule jeneza ni kile kitanda cha kubebea maiti, mali ya msikiti, wengine hukiita tusi. Kimebeba babu, kimebeba bibi, kinarudi kuegemezwa ukutani nyuma ya msikiti kingoje mwingine. Hakinunuliwi na mfiwa yeyote. Upande wa baba, jeneza ni sanduku linalonunuliwa, linashuka na marehemu, halirudi. Neno moja, na tofauti ya laki kadhaa.

Bibi mzaa mama alifariki Pangani baada ya sala ya alfajiri. Nilipigiwa Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu. Nilikimbilia Ubungo, nikapata basi la Tanga, nikashukia Muheza na kuchukua gari la Pangani, na nilipofika jua lilikuwa linazama na bibi alikuwa ameshazikwa. Alioshwa na wanawake watatu, mmoja wao binti yake. Akakafiniwa vitambaa vitano, kwa kuwa mwanamke hupewa vitano na mwanamume vitatu. Akaswaliwa baada ya adhuhuri, takbira nne, watu wamesimama wima bila rukuu wala sijida. Akalazwa kwenye mwanandani, lile shimo dogo ndani ya kaburi, ubavu wa kulia akielekea kibla, mbao zikapangwa, udongo ukarudishwa. Sanda, pamba, sabuni, marashi, ubani, mbao: mjomba alinionyesha karatasi, haikufika laki mbili. Waliochimba hawakulipwa. Nilifikia kwenye kaburi lenye udongo mbichi na tawi limechomekwa.

Iliniuma. Nisijifanye haikuniuma. Nilikuwa mjukuu aliyelelewa na yule bibi na sikuuona uso wake. Lakini usiku ule, tukiwa tumelala barazani kwenye majamvi, wajomba walinisimulia alivyokufa, alichosema jana yake, aliyemkumbuka. Siku tatu nilikaa pale na hakuna aliyenikabidhi daftari. Nililia vya kutosha. Nimewalinganisha wawili hawa, bibi na baba mkubwa, mara nyingi, na lazima niseme ukweli wangu: yule nisiyemwona uso ndiye niliyemlilia.

Pwani nako tusijisifu kupita kiasi. Saa saba za mazishi ya bibi zilikuja kufuatwa na hitma, kisomo cha Kurani, na arobaini yake ilichinjiwa ng'ombe, ikapikwa pilau ya kulisha mtaa mzima, na gharama yake ilikuwa mara nyingi ya sanda. Mashekhe wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wamefundisha kwamba wafiwa kupika na kukusanya watu ni jambo la kuchukiza. Msingi wa fundisho ni mzuri mno. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaambia watu waitengenezee chakula familia ya Jaafar, kwa kuwa imefikwa na jambo linaloishughulisha. Chakula kiende kwa wafiwa. Kwetu kimegeuka, kinatoka kwa wafiwa. Na kiligeuka kwa njia ile ile ya bara: kwa kuongeza siku.

Tazama viongozi, kwa kuwa misiba yao tunaiona sote na vijiji huiga. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, akazikwa Chato tarehe 26, baada ya mwili kupitishwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar na Mwanza. Pale Uwanja wa Uhuru watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano wa kwenda kuaga. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, na kesho yake alikuwa ameshazikwa Mtambwe, Pemba. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Sijasikia mtu yeyote akisema Maalim Seif au Mzee Mwinyi walizikwa bila heshima kwa kuwa walizikwa upesi.

Mtu atasema hayo ni ya dini, na kwamba Wakristo wa bara wana mila zao. Basi tuvuke mpaka twende kwa Wajaluo, watu ambao kwa mila ya mazishi marefu hawana mpinzani Afrika Mashariki. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong; ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, akazikwa tarehe 23 Mei 1987. Siku 154. Kesi ile imejadiliwa kwa miaka mingi kama vita vya sheria na mila, vya mwanamke na ukoo, na ni kweli. Lakini kabla ya hayo yote ilihitaji mochari. Mwili ambao usingeweza kungoja ungezikwa mahali fulani, na watu wangegombana juu ya kaburi.

Sasa mtazame Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Mjaluo wa Siaya vilevile. Alikufa kwenye ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Alikuwa ameacha usia: azikwe ndani ya saa 72, bila jeneza. Akazikwa Ng'iya tarehe 21, bila jeneza, kwa heshima zote za kijeshi. Mwaka uliofuata Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, alifariki India, tarehe 15 Oktoba 2025. Naye alikuwa ametaka azikwe ndani ya saa 72. Mwili ulisafirishwa kutoka bara Hindi, ukaagwa Nairobi, ukaagwa Kisumu, na tarehe 19 ulikuwa ardhini Bondo. Kama mtu aliyeliliwa na mamilioni, aliyefia nje ya nchi, alizikwa siku ya nne, familia ya Tabata ina kisingizio gani cha siku ya tano?

Kwetu Tanzania hata sheria ya kazi imeshaweka kipimo, ingawa msibani haitajwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na mwenza, mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu, bibi au mjukuu, na siku hizo ni za mzunguko mzima wa likizo hata ukifiwa mara mbili. Kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Toa siku za njiani, hesabu zilizobaki. Wenye ajira rasmi ni wachache, lakini hata mama lishe ana siku zake ambazo genge likifungwa wateja wanahamia la jirani, na dereva bodaboda ana hesabu ya bosi kila jioni. Tunapopanga mazishi Jumamosi "ili watu wapate nafasi", tunawapa nafasi wenye ofisi kwa gharama ya siku tatu za wasio na ofisi.

Na kungoja huzaa mambo yake. Kenya, pwani na magharibi, siku za kungoja ziligeuzwa kuwa usiku wa muziki wa kuchangisha fedha, ukapata jina la disko matanga. Machifu wamepiga marufuku tena na tena, kwa sababu ya wasichana wanaorudi nyumbani na mimba. Sisi hatujafika huko, ila nimeshaona msibani Dar es Salaam MC akishika kipaza sauti na kunadi ahadi za michango kama kwenye sendoff, huku mwanamke aliyefiwa akiwa mita kumi kutoka kwenye spika.

Kuna hoja mbili za kunipinga ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni ya wale waliozika haraka kwa kulazimishwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya iliruhusu waombolezaji 15 tu kaburini, na kuna familia ambazo mpaka leo zinahisi hazikuzika. Nakubali. Kuharakishwa na serikali, usiku, na watu waliovaa plastiki nyeupe, ni jeraha. Lakini wale hawakunyimwa siku peke yake. Walinyimwa kuosha, kubeba, kukaa pamoja. Bibi alizikwa kwa saa saba na hakunyimwa hata kimoja.

Ya pili ni nzito zaidi. Siku za baada ya mazishi zina kazi ambayo haifanyiki kwingine. Rombo, siku ya kuanua tanga, baada ya kunyoana, wazee walikaa mgombani na mbege, pombe ya ndizi, ikapita, na mzee mmoja akauliza kwa sauti: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Watu walisimama. Mmoja alikuwa na mbuzi wa baba mkubwa tangu zamani na akakiri mbele za watu. Ikaamuliwa nani atasimamia mirathi, nani atamwangalia mjane, kihamba kitakaa kwa nani. Hicho ni kikao cha ukoo, na muhtasari wake ndio karatasi ambayo Mahakama ya Mwanzo huiomba unapokwenda kufungua mirathi. Ukikiruka kikao kile, miaka mitatu baadaye watoto wanashtakiana. Siku hiyo sitaki iguswe. Ndiyo siku yenye thamani kuliko zote nane, na kati ya 10,800,000 ilitumia mtungi wa mbege, ndizi na mbuzi mmoja.

Tena niliona jambo la kuhuzunisha. Kamati ilikuwa na mtu wa maji, mtu wa viti, mtu wa maua. Haikuwa na mtu wa cheti cha kifo. Kibali cha mazishi tulikuwa nacho, kwa kuwa bila kibali huziki, lakini kwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, kufuata cheti kulibaki kwa mjane, na alikwenda baada ya miezi mitano, alipokataliwa benki.

Kwa hiyo ninachodai hakipingani na mila. Ni swali moja liulizwe usiku wa kwanza, kabla turubai halijaagizwa: kati ya mwili na tanga, kipi kingoje? Kama kuna mtoto yuko Toronto au Muscat na ni lazima aone uso wa mama yake, sawa, mwili ungoje. Basi mochwari iwe ndiyo inayongoja, na watu wabaki makwao, waje jioni kwa sala na waondoke, kila mtaa ulete sufuria lake, na tukishazika tanga lianuliwe kesho yake baada ya kikao. Kama mwili hauna wa kumngoja, uzikwe kesho, na tanga likae siku za mila kwa wale wanaoweza kukaa. Zote mbili ni njia za heshima. Kuzifanya zote mbili kwa pamoja, kwa mkopo wa duka la jirani, hakuna mila iliyotuagiza.

Na mweka hazina, aliye na daftari, aseme bei ya siku kwa sauti. Usiku ule wa Jumatatu tulipoamua Jumamosi, hakuna aliyesema Jumamosi ni shilingi ngapi zaidi ya Alhamisi. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nilinyamaza kwa sababu kutaja fedha mbele ya maiti ambaye hata hajapoa niliona ni utovu wa adabu. Deni lile mjane alilimaliza Februari mwaka uliofuata, kwa kuuza cherehani yake moja kati ya mbili.

Mwezi uliopita nilikwenda Pangani kumtazama mama. Ana miaka 74, anatembea, macho ndiyo yamepungua. Baada ya chakula cha mchana alinishika mkono akanipeleka chumbani, akaniambia nivute sanduku la chini ya kitanda. Ndani, juu ya khanga ambazo hajazivaa, kuna mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Bafta nyeupe, imeshakatwa. Pamba. Vipande viwili vya sabuni. Kichupa cha marashi, ubani kwenye karatasi ya gazeti.

"Usije ukahangaika kutafuta," aliniambia. "Na mbao nimeshamwambia mjomba wako, anazo za kutosha kwenye banda."

Nikamwuliza kama nikiwa Dar es Salaam na basi la asubuhi limeshaondoka.

"Wasikungoje, baba. Utanikuta nimeshalala, uje unisomee. Ila siku tatu ukae hapa na ndugu zako, usikimbilie kazini." Akaanza kulifunga lile fundo, vidole vinatetemeka kidogo, nikamsaidia. Akanitazama kama anayekumbuka kitu. "Na maji ya kunywa watu, yako mtungini. Usininunulie machupa."